Upande wa Alunguli

Sisi tuliofika umri wa kusogeza kitabu mbali ili tukisome tunajua siku hiyo inavyokuja. Kwanza unasingizia taa. Halafu unasingizia wachapaji, kwamba siku hizi wanabania wino. Mwisho unajikuta umeketi kwenye kiti cha daktari wa macho, jicho moja limefunikwa. Mimi nilipelekwa na mwanangu mwezi uliopita. Daktari, kijana mpole, aliwasha taa ndogo ukutani, na badala ya herufi nilizozitarajia nikaona pete. Safu za pete nyeusi, kubwa juu, ndogo chini, kila moja imekatwa mahali pamoja kama kikuku kilichovunjika.

"Mama, utaniambia tu mwanya uko wapi," alisema. "Juu, chini, kuume au kushoto."

Pete ya kwanza mwanya wake ulikuwa juu. Nikasema juu. Ya pili niliiona vizuri kabisa, lakini mdomo ukakataa kufunguka. Daktari alidhani sioni, akabadilisha lenzi, akabadilisha tena. Mwishowe nilinyoosha kidole tu, naye akaandika.

Nataka kuwaeleza kwa nini nilinyoosha kidole. Nitakwenda polepole, maana jambo lenyewe ni dogo, na mtu asipoona lilivyokaa hataona lilivyoweza kuvunja nyumba.

Baba yangu alikuwa rubani wa jeti za jeshi. Kambi yake ilikuwa Kamina, kule kusini, katika jimbo la Katanga ambalo wakati ule lilikuwa limepewa jina la Shaba, kama nchi yote ilivyokuwa imepewa jina la Zaire. Vita vilipoanza kunusa mipaka ya huko, alitupandisha treni mimi na mama, akatupeleka Kindu kwa Babu, baba mzazi wa mama, aliyekuwa na nyumba ya matofali katika mtaa wa Kasuku, karibu na bandari ya mto. Yeye akarudi kwenye ndege zake.

Mara mbili au tatu kwa mwaka safari ya mazoezi ilimpitisha juu yetu. Hakuna aliyetuarifu. Bata wa Babu ndio waliojua kwanza. Walijibana chini, shingo zimelala udongoni. Kisha kitu chembamba chenye rangi ya majani mabichi na makavu, pua imechongoka, kilipita juu ya mto chini kabisa, nami nikaona kivuli chake kikiruka kutoka Kasuku hadi Alunguli, ng'ambo, kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Ndipo sauti ilipofika. Ilifika nyuma, kubwa kama mlima unaoporomoka, sufuria za mama zikagongana, na mimi nikaionea huruma. Niliamini kwamba baba ameisahau sauti yake njiani, nayo inamkimbilia imkute.

"Njo vile, kopiloti," aliniambia alipokuja likizo, akicheka; njo kwetu ni ndiyo. Hilo lilikuwa jina alilonipa: kopiloti, msaidizi wa rubani. "Kule juu mimi nafika, sauti yangu iko nyuma inaniuliza njia."

Nguo zake za kazi zilinuka kitu kinachofanana na mafuta ya taa. Mama alizifua mara tatu na harufu haikutoka, na mimi nilifurahi kwamba haitoki.

Sasa Babu. Babu alikuwa amestaafu kazi ya mto. Miaka yote alikuwa akipanga alama majini na ukingoni, zile zinazowaonyesha manahodha wa meli za kwenda Ubundu mahali penye kina na mahali penye mwamba. Siku moja alinisimamisha gatini, nyuso zetu zikitazama kule maji yanakokwenda, akanyoosha fimbo.

"Alunguli, ng'ambo ile, njo kuume. Kasuku yetu, huku, njo kushoto. Umekamata?"

"Nimekamata, Babu. Na tukigeuka?"

"Ugeuke hata mara kumi, Alunguli iko kuume. Muntu njo anageuka. Mayi haigeuki."

Hii ni sheria ya watu wa mto, na ni sheria ya busara. Kuume na kushoto huhesabiwa kwa kufuata maji yanakokwenda, hata kama meli yenyewe inapanda. Bila hivyo, meli mbili zikikutana, kila moja ingeuita ukingo uleule jina lake, na zingeishia kwenye mwamba mmoja. Babu alinifundisha vizuri. Alisahau tu kuniambia kwamba sheria hiyo inaishia ukingoni. Mimi niliichukua nikapanda nayo hadi nyumbani. Kwangu, kuume kulikuwa mahali, kama vile juu ni mahali. Juu ni mbinguni, chini ni ardhini, kuume ni Alunguli. Mkono wangu niliolia chakula niliuita mkono wa kula, basi, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Mtoto anaweza kutembea na kosa kwa miaka, na lisimdhuru mtu yeyote, mpaka siku mtu atakapolihitaji.

Siku hiyo ilikuja na treni ya kutoka kusini. Baba alishuka bila kunikimbiza, mikono imetandazwa mfano wa mabawa ya jeti, kama alivyozoea. Kwapani alikuwa na karatasi iliyokunjwa kama bomba. Pale nyumbani alitafuta ngazi ya mlango kwa ncha ya kiatu, na bado paji lake likagonga mwimo.

"Papa Sifa," mama akamtania, "umezoea mbingu, sasa milango njo inakupiga?"

Sifa ni mimi. Baba alicheka kidogo, kisha akasema, "Mama Sifa, ikaa."

Hawakunifukuza, kwa hiyo nilisikia yote. Ukungu ulikuwa umeingia machoni mwake tangu mwaka uliopita. Kitu kikubwa cha karibu bado alikiona; kidogo, hata akikisogeza puani, na cha mbali vilikuwa vinayeyuka. Kila mwaka daktari wa kambi aliwapima marubani, na zamu yake ingefika baada ya wiki tatu, likizo ikiisha. Ile karatasi ilikuwa nakala ya chati ya daktari, ya pete zenye mianya. Muuguzi mmoja aliyempenda alimpa kwa siri. Ilikuwa chati ileile kila mwaka, na baba alitaka kuijua kichwani.

"Nikikosa, wananitoa mabawa," alisema.

"Na ukiruka bila kuona?"

"Ile ndege naijua kama wewe unajua jikoni yako na taa imezimika."

"Jikoni haianguki, Papa Sifa."

Baba alitazama mikono yake, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba maji. "Mutoto wa mufanyakazi wa reli. Wanafunzi wenzangu walikuwa wananicheka na kaptula ya viraka. Leo napita juu yao wote. Bila ile ndege mimi njo nani, Mama Sifa? Niambie, mimi njo nani?"

Mimi nilikuwa nimeelewa kwamba kuna watu wanataka kuyang'oa mabawa ya jeti, na kwamba karatasi ile ingewazuia. Nikasema, "Papa, mimi nitakusaidia." Akaniangalia, na nikaona wazo likimwingia.

Ukuta mmoja tu wa sebule ulikuwa na msumari imara, na msumari huo ulibeba picha ya Rais, kama kila sebule ya wakati ule. Baba aliishusha picha, akaiegemeza chini, akatundika chati. Mama alifunga madirisha mbio.

"Wakituingilia tutasema nini?"

"Tutasema Rais anapumzika."

Mama hakucheka. Alisimama mlangoni akilinda, na hivyo ndivyo tulivyofanya kila siku kwa wiki tatu, baada ya mimi kutoka shule.

Naomba mkumbuke jambo moja. Ukuta ule ulikuwa upande wa kusini, kule mto unakotoka. Nikisimama mbele yake, mto na Alunguli vilikuwa upande wa mkono wangu usio wa kula.

Safu za juu baba aliziona mwenyewe. Zile mbili za chini ndizo zilizomshinda, na hizo ndizo nilizomsomea. Aliketi kwenye kiti mwisho wa chumba, amefunika jicho moja kwa mwiko wa mama wa kupikia sombe, kisamvu chetu, na lile lingine amelifumba ili akili ishike. Mimi nilisimama na kijiti cha ufagio, pua karibu na karatasi.

"Usinionyeshe na kidole, kopiloti. Sema na mudomo. Daktari anataka mudomo."

"Juu. Kuume. Kuume. Chini. Kushoto. Juu. Kushoto. Kuume."

"Juu, kuume, kuume, chini, kushoto, juu, kushoto, kuume," baba alirudia, kama mwanafunzi wa katekisimu.

Alirudia akinyoa ndevu. Alirudia akifunga viatu. Siku moja nilimkuta mama anatwanga sombe, na mchi wake ulikuwa unashuka juu ya maneno yaleyale, juu, kuume, kuume, chini. Babu alipita akiwa na ndoana zake akasema, "Mukwe wangu anajifunza kuongoza meli?" Baba akamjibu kwa heshima, "Ndiyo, Papa, kidogo kidogo." Babu hakuuliza zaidi, na hakuingia sebuleni kutazama karatasi. Nimewaza mara nyingi kuhusu zile hatua tano ambazo hakuzipiga. Mimi, kwa upande wangu, nilitembea shuleni kama malkia. Nani darasani mwetu aliwahi kumfundisha kapiteni?

Siku ya kuondoka, stesheni, aliinama hadi usoni kwangu, karibu sana, kwa sababu sasa hapo ndipo aliponiona. "Nikishinda, nitapita juu ya nyumba. Mutanisikia."

Mama alifua shuka jeupe akalitandika uani, juu ya majani, ili alione. Tukangoja.

Wiki ya kwanza hatukuwa na hofu. Ya pili mama aliacha kwenda sokoni ili asiwe mbali na uani. Ya tatu mvua ilinyesha juu ya shuka, akalifua tena, akalitandika tena. Bata walikula, wakatembea, wakalala, na hakuna hata mara moja walipojibana chini. Alianza kwenda stesheni kila treni ya kusini ilipoingia, na mkuu wa stesheni, aliyekuwa akimwona kutoka mbali, alimtangulia kwa sauti, kwa lile jina la 'raia' tulilotakiwa kuitana wakati ule: "Sitwayeni, leo hakuna kapiteni." Hata yeye mwishowe aliacha kusema, akawa anatikisa kichwa tu. Babu alivaa koti lake la kazi akaenda kwenye ofisi moja kuuliza. Alirudi amelishika koti mkononi. "Wamesema tusiulize tena," alisema. Habari hiyo ilifika kwa majirani kabla ya chakula cha mchana, na kuanzia hapo hakuna mtoto aliyetumwa kwetu kuomba chumvi.

Nilimwona mama akisimama uani, uso juu, mdomo wazi kidogo kama wa mtu anayesikiliza kwa meno, huku mchele wa Kibombo ambao baba aliupenda ukiungua jikoni hadi moshi unatoka mlangoni. Nilipomshika kitenge alisema, "Nyamaza, Sifa, utaifukuza," na hapakuwa na kitu cha kufukuza.

Mimi pia nilikuwa na kazi yangu. Kila asubuhi nilisimama mbele ya ule ukuta, ambao sasa Rais alikuwa amerudi juu yake, nikasema safu zote mbili kwa sauti. Nilidhani nikizisema vizuri, bila kukosea hata moja, zitamfikia huko aliko na kumsaidia. Juu, kuume, kuume, chini. Nilisali hivyo miezi miwili.

Baba alikuja na treni ambayo mama hakuipokea, maana siku hiyo hakwenda stesheni. Tulimwona tu amesimama mlangoni, amevaa shati la kiraia lisilokuwa lake. Koti la jeshi alilibeba mkononi. Juu ya mfuko wa kifua, pale mabawa ya shaba yalipokuwa yamebanwa, palibaki matundu mawili madogo. Mama aliyagusa kwa kidole, moja, halafu la pili. Hakulia.

Jioni alitueleza, tumeketi mezani, Babu akiwepo.

"Nilisema safu zote. Hata moja haikunishinda. Daktari akaandika, akaandika, akaweka kalamu. Akaniambia, 'Kapiteni, juu na chini umepata zote. Kuume na kushoto, katika safu mbili za chini, umegeuza zote. Zote, bila kubakiza. Jicho bovu linakosa ovyo. Haliwezi kukosa kwa mpango. Nani alikusomea?'"

"Ukasema nini?" mama akauliza.

"Nikanyamaza. Wakaniweka ndani. Wakauliza tena kila siku: nani alikusomea, ni mupango wa nani. Nikanyamaza."

Mimi nilikuwa nimeshika tonge. Sikuelewa bado. Nilijiuliza tu ni nani aliyegeuza pete za daktari. Lakini Babu aliacha kutafuna.

"Juu na chini hapana kosa?" alimuuliza baba. "Paka kuume na kushoto tu?"

"Paka hizo tu, Papa."

Babu alirudisha mkono wake kwenye sahani taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kinachoweza kuvunjika, akanitazama. Ni mtazamo ambao hadi leo ukinijia huniamsha.

Asubuhi alinipeleka gatini. Alinishika mabega, akanielekeza kule maji yanakokwenda. "Alunguli iko wapi?"

"Kuume, Babu."

Akanigeuza nyuma. Sasa mto ulikuwa unanijia usoni. "Na sasa?"

"Kuume."

"Na mukono wa kuume wako, ule wa mwili wako, njo gani?"

Nilitazama mikono yangu. Nilitazama Alunguli. Nilianza kuinua mkono usio wa kula, kwa sababu ndio uliokuwa upande huo, na katikati ya kuuinua niliona uso wake. Babu alikaa juu ya chuma cha kufungia meli. Alivua kofia.

"Si wewe," alisema. "Njo mimi. Mimi njo nilikufundisha." Kisha, akigeuza kofia mikononi, "Papa yako asijue. Amebaki na kitu kimoja, kopiloti wake. Tusimunyanganye."

Basi tukalizika, mzee na mtoto. Lakini kitu kilichozikwa na watu wawili kina makaburi mawili. Babu hakunipeleka tena gatini, na mimi niliacha kabisa kutamka maneno yale. Mwalimu akiniambia nieleze njia, nilisema "kule kwenye kanisa" au "upande wa soko". Alunguli sikuitaja tena.

Baba alipewa kazi kwenye uwanja wa ndege wa Kindu. Huenda mtu fulani alidhani anamfanyia hisani. Kazi yenyewe ilikuwa kufukuza mbuzi. Ndege ya abiria ikikaribia, alipuliza filimbi na kukimbia kwenye uwanja akipunga kibendera chekundu, na mbuzi, ambao aliweza kuwaona wakiwa hatua kumi, walimtoroka kwa dharau. Watoto wa jirani walikaa kwenye ukuta wakimpigia kelele: "Papa Sifa, uwakamate na jeti! Papa Sifa, weka gia!" Yeye aliwainulia mkono kama mtu anayepokea salamu za heshima. Nyumbani alikaa akielekea ukuta. Kuna siku mama alificha kamba ya kisima baba asiione, na alipoona ninamtazama akasema ni ya kuanikia nguo.

Watu wazima niliowaeleza haya huniambia: Sifa, kosa lako lilimwokoa. Rubani asiyeona angeanguka, pengine juu ya watu. Ni kweli, na mimi ningemwambia hivyo mtoto yeyote anayebeba mzigo kama wangu, ningemwambia mara mia. Lakini mimi nilimwona baba yangu akiishi miaka ile, na siwezi kuita kile alichokuwa nacho kuokoka.

Kuna siku moja tu nyingine. Nilikuwa nimempelekea chakula uwanjani. Ukungu wake ulikuwa umezidi; kibendera alikishika karibu na uso ili akione. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha kibanda, tumeelekea kusini, mto unakotoka, naye alikuwa anavunja samaki kwa vidole. Mbuzi wakainua vichwa wote pamoja.

Baba akasimama. Samaki akaanguka.

"Zinakuja," alisema, kabla hapajawa na sauti yoyote. "Kopiloti, ngapi?"

Niliziona. Pua zilizochongoka, rangi ya majani. "Mbili, Papa."

"Ziko wapi? Upande gani?"

Alikuwa anageuza uso huku na huku, shingo imenyooka, mikono mbele kama mtu anayetafuta ukuta. Zilikuwa zinapita juu ya mto. Ningeweza kunyoosha kidole, lakini kidole asingekiona. Yalikuwepo maneno mawili tu, na moja lilikuwa la kweli, na sikuweza kulitoa. Jeti haimngoji mtu. Nilifungua mdomo nikaanza kulia.

Akaniwekea mkono kichwani, bila kuukosa.

"Sema tu upande wa Alunguli ao upande wa Kasuku," alisema. "Mimi nitageuza mwenyewe."

Sikumuuliza amejua tangu lini. Nilijua. Alijua tangu pale mezani kwa daktari, kalamu ilipowekwa chini, maana mkwe wa Babu naye aliijua sheria ya mto, akalinyamazia jina langu miezi miwili.

"Upande wa Alunguli, Papa."

Aligeukia mkono wake wa kushoto, sawasawa, akasimama wima, akapiga saluti. Ndege zilikuwa zimekwisha kupita. Mbele yake palikuwa na mto na mbingu tupu. Ndipo sauti ikafika, ikatutikisa sote wawili, naye akashikilia mkono wake pale kwenye paji mpaka ilipokwisha.